Mrija wa Gaspari

Mwanangu, kuna siku moja haitoki kichwani mwangu, hata nikiifukuza. Nakuita mwanangu ingawa wa kuzaa sina, utanivumilia. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na tatu. Vita vilikuwa kaskazini, na sisi wa Kigali tulijidanganya kwamba kaskazini ni mbali.

Nilikuwa fundi wa magari kule Gatsata. Shule niliiacha baba alipokufa, nikaingia chini ya malori. Kiswahili changu nilikiokota humo humo, kwa madereva wa Zaire na wa Mombasa, kwa hiyo usinisahihishe sana. Nyumbani nilikuwa na mtu mmoja tu, mdogo wangu Beata. Mama alipotutoka, alimwacha akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilimlea mimi. Nilimsuka nywele mimi, kwa mikono ya grisi, tena vibaya, akaenda shule wenzake wakamcheka.

Rafiki zangu walikuwa wawili. Gaspari, mtu wa injini, na Viateri, mtu wa mabati na rangi. Nawataja. Wao hawakuona haya kutenda, mimi nione haya ya nini kutaja? Kila Jumamosi tulinunua pombe ya ndizi, tukaimimina katika kibuyu kimoja, tukatia mrija mmoja. Kwetu Rwanda mrija si kitu cha kunywea tu. Unavuta, unampa mwenzako, naye anavuta pale pale ulipotoa mdomo wako. Ukiufuta kwanza, umemtukana. Na mtu ambaye hamtaki kuoana naye wala kuzikana naye, huyo hamumpi mrija wenu. Hata mtoto mdogo wa kwetu alilijua hilo.

Basi, safari ilikuwa wazo la Gaspari.

"Twende Bugesera tukalale nje, kama Wazungu," alisema.

"Wazungu wana wazimu," Viateri akamjibu. "Wanalipa pesa ili walale penye mavi ya ng'ombe!"

Tulicheka. Mimi nilikuwa mrefu na mwembamba, wakaniita Pisto, yaani pistoni ya injini. Wakasema Pisto tutamsimamisha katikati awe mti wa hema. Nilicheka kuliko wote.

Bosi alituazima pikapu. Tulichukua turubai la lori, nyama ya mbuzi na dumu la pombe, tukateremka Gahanga, tukavuka daraja la mto Nyabarongo, kuelekea Burundi. Ng'ambo ile, mwaka ule, mvua ilikuwa imewasahau. Ardhi imepasuka kama kisigino cha mkulima. Ziwa limerudi nyuma, limeacha tope kavu jeupe ambalo hata ndege hatui. Miiba, vumbi, upepo. Njiani tulipita nyumba zisizo na paa, majani yameota sebuleni. Mwaka mmoja nyuma watu wa kabila langu, jamaa zangu wakiwemo, walikuwa wamechomewa nyumba pale. Niliziangalia. Wenzangu, ambao si wa kabila langu, waliangalia barabara.

Tulitandaza turubai jua likiwa bado juu ya vilima. Nyama ikawekwa motoni. Nikamimina pombe katika kibuyu, nikavuta kwanza, kama inavyompasa mwenye kugawa, ili watu waone haina sumu. Kisha nikamnyooshea Gaspari mrija.

Akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa mrija wake, mpya, umefungwa katika kipande cha gazeti.

"Mimi nanywa na wangu, Pisto. Tumbo linanisumbua. Nisije nikakuambukiza."

"Pole, sha, ndugu yangu," nikasema. Nilimwonea huruma, mwanangu! Nilimwonea huruma.

Akachovya mrija wake, akavuta sana. Kisha akampa Viateri, ule ule wa kwake.

Hapo palipita kitu. Viateri aliuangalia ule mrija, akaniangalia mimi. Alikuwa na macho ya mtu aliyesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Gaspari hakumharakisha. Alimngoja tu. Viateri akaupokea, akanywa, akampa tena Gaspari. Wangu nikabaki nao mkononi.

"Tumbo limepona upesi," nikasema kwa utani.

Gaspari akacheka. "Wewe kunywa, ndugu yangu. Kibuyu iko kubwa." Halafu, bila kuniangalia, akamwambia Viateri: "Wako wengi siku hizi wanavuka kwenda Burundi. Mtu akitoroka hivyo, si ana jambo na wale waasi wa kaskazini?"

Nilikunywa peke yangu katika kibuyu cha watu watatu. Mimi upweke naujua vizuri, nimekaa nao miaka mingi, lakini ule wa siku ile sijaupata tena: kukaa na watu uwapendao, moto ni mmoja, nyama ni moja, nawe uko mbali kama jiwe la ng'ambo ya ziwa. Walilala upande mmoja wa turubai. Mimi nilijikunja upande wa pili, nikijiambia, amelewa huyu, kesho tutacheka.

Asubuhi, tukirudi, tulisimama Gahanga kumsalimia mjomba wangu, Muzehe Rwema, mfugaji. Nilimfuata zizini nikamsimulia habari ya mrija, kwa kicheko, kama kichekesho.

Muzehe hakucheka. Alikuwa akikamua, akaacha, mikono ikabaki kwenye chuchu.

"Mlikunywa kwa mrija mmoja lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi iliyopita, Mjomba."

"Basi katikati hapo kuna mtu amemwambia neno. Sikiliza weye. Anayekutoa kwenye mrija amekwisha kukutoa kwenye hesabu ya watu. Hilo la pili hatakuambia kwa mdomo. Mlete Beata wiki hii. Njia za kuvukia kwenda Burundi nazijua; ng'ombe wangu wamezipita kabla yako."

"Mjomba, wataniita mwoga. Watasema nimekwenda kwa waasi."

"Waseme! Maneno yanaua lini? Mtoto huyo umeachiwa wewe, hawakuachiwa wao."

"Nitaangalia, Mjomba."

Nitaangalia. Waswahili wa Biryogo, mtaa wao pale Kigali, husema, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na mzee, tena kwa jina la mtoto, nikasema nitaangalia. Kwenye pikapu nilipanda nyuma, juu ya turubai. Tulipofika Sonatubes, pale unapoingia mjini, Viateri alishuka akaninunulia andazi. Aliniletea bila kunitazama usoni. Nikalila. Nikajiambia, unaona, bado ni rafiki.

Aprili ya mwaka uliofuata ilipofika, mauaji yalipoanza, Gaspari alisimama kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Nyabugogo, panga mkononi, akipanga nani apite. Mimi nilikuwa nimeshikwa na balaa hilo gerejini. Nilijificha katika shimo la kukagulia magari, kwenye oili chafu, chini ya gari bovu. Beata alifichwa na mama mwenye nyumba wetu, juu ya dari. Gaspari alikuja nyumbani akatafuta, akakosa, akaondoka. Alirudi na Viateri, kwa sababu Viateri ndiye aliyetengeneza paa la bati na dari ya nyumba ile. Wakampata Beata, na huo ndio ukawa mwisho wake.

Nilijuaje? Viateri mwenyewe alisema, miaka baadaye, kwenye gacaca, baraza la wanakijiji la kuhukumu mauaji yale, pale kwenye nyasi mbele ya majirani. "Mimi sikuua mtu. Nilionyesha tu." Alionyesha tu. Gaspari alikimbilia Zaire na sijamsikia tena. Viateri alifungwa, akatoka. Siku hizi anauza vipuri, ananisalimia nikipita. Simwitikii. Watu wa kanisani wananiambia, samehe. Mdomo wa kusema samehe ni mwepesi. Haujawahi kuteremsha mtoto kutoka darini. Labda Mungu atanifundisha. Bado hajanifundisha.

Muzehe Rwema alivuka. Alinitumia habari mara mbili, kisha akanyamaza. Amezikwa kule.

Sasa, mwanangu, neno langu ni hili, nami silipambi. Usingoje chuki ikutangazie jina lake. Inaanza na kitu kidogo ambacho mtu akikisimulia wengine wanacheka. Ukikiona, usikitafutie sababu nzuri kwa niaba ya mwenye kukitenda. Na mzee akikuambia ondoka, ondoka, hata kama safari ni ya aibu na wenzako wanakuzomea. Mwoga aliyefika anaweza kurudi akaomba radhi. Na kama wewe ndiye Viateri, kama siku moja unakaribishwa upande mmoja na rafiki yako anaachwa upande wa pili, kataa hapo hapo, wakati kukataa bado ni rahisi. Kesho yake kutakuwa kugumu, na kesho kutwa utakuwa umesimama mlangoni kwake unaonyesha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho, na miguu ya kuyatii macho. Akupe nyumba yenye kelele. Na utakapokuwa mzee, pasikose mtu jikoni wa kukugombeza kwamba umezidisha chumvi.