Matuta ya Nyuma ya Jiko

Harufu ya majivu yaliyochanganywa na samadi ikinipata popote nilipo, narudi nyuma ya jiko letu, kwenye mteremko mkali wa Usambara, kiangazi kile kifupi kilichofuata Uhuru. Ukungu bado umelala kwenye migomba, na mama ameinama akitayarisha bustani yake kwa ajili ya masika. Mimi nilikuwa sijaanza shule, na darasa langu lilikuwa pale. Majivu hunyunyizwa kwenye kabichi asubuhi, majani yakiwa na umande, ili yashike na wadudu wasipande. Miche ya vitunguu hufunikwa kwa majani makavu ya migomba mpaka ipate nguvu. Mimea humwagiliwa maji asubuhi, kwa sababu yale ya jioni hulala na baridi yakaozesha mizizi. Na kabla mvua haijaanza, mawe yote ya matuta yakaguliwe, lililolegea lirudishwe mahali pake. "Mvua haibishi hodi, Ruthi," mama alikuwa akiniambia.

Matuta hayo aliyajenga bibi, mama yake baba, akapanda mimea ya masale kingoni ili mizizi ishike udongo. Aliyajenga kwa hiari yake, kabla bwana shamba yeyote hajakanyaga kwetu. Matuta ya mashambani yalikuwa habari nyingine. Yale yalichimbwa kwa amri ya Mzungu, na baba aliwahi kulala rumande kwa kutomaliza sehemu yake. Ndiyo maana Uhuru ulipokuja, wanaume wa kijiji walishika majembe wakaenda kuyabomoa huku wakiimba, na baba aliimba kuwashinda wote. Simlaumu kwa furaha ile. Mtu aliyelazimishwa kuinama ana haki ya kunyoosha mgongo.

Laiti angeishia huko shambani! Lakini jirani yetu Shemdoe, mtu wa utani, alipita asubuhi moja na wenzake akachungulia nyuma ya jiko. "Onga makeo!" akasalimia kwa Kishambaa. "Kumbe huku Mzungu bado hajaondoka?" Wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na jembe.

"Baba Ruthi, haya si ya Mzungu," mama alisema, akasimama mbele yake. "Haya ni ya mama yako."

"Matuta ni matuta. Sitaki kuchekwa nyumbani kwangu."

Hasira hasara. Kufikia adhuhuri mawe yalikuwa yamebingirishwa na masale yameng'olewa, na bustani ilikuwa mteremko mtupu. Mama alipanda hivyo hivyo, maana watoto lazima wale. Masika yalipofika, mchana mmoja tulisimama mlangoni mwa jiko tukatazama kabichi zikienda na mizizi yake, na udongo mweusi ukizifuata hadi bondeni kwa Shemdoe. Mama alijifunga kanga vizuri, akaenda kuinjika chungu. Jioni ile tulikula ugali kwa chumvi, na hakuna aliyemtazama baba.

Katika miaka ya Ujamaa alikuja bwana shamba mwingine, kijana wa kwetu, akatuambia mkutanoni tuchimbe matuta. Wazee waliguna. Baba aliinuka wa kwanza, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, na jembe lake likagonga mwamba. Tangu siku hiyo, kila akitoka shamba la kijiji, alipitia bondeni akamwomba Shemdoe udongo, akaupandisha kwa tenga kichwani. "Mwaga hapo," mama alimwambia kwa upole, akimwonyesha mahali. Hakumwambia kamwe "nilikuambia," na nadhani hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Udongo unazoleka, ila umri wa mtu mmoja hautoshi. Alipata tuta moja tu, la vitunguu.

Alipofariki, tulitaka kumzika nyuma ya nyumba, ubavuni mwa mama yake, kama alivyokuwa akituomba. Vijana walichimba wakafika magotini, wakasimama kwenye mwamba. Wakajaribu kando, ikawa vile vile. Mahali pekee palipobaki ni tuta la vitunguu, lakini mama alikataa lisiguswe. Basi tulimteremsha bondeni, kwa ruhusa ya Shemdoe, ambaye alilia kuliko sisi watoto.

Sasa naishi Muheza, uani kwangu ni tambarare, na wajukuu hunicheka nikipanga mawe kuzunguka mchicha kama vile mvua itauiba. Siku hizi huko milimani vijana wanafundishwa matuta kwenye semina, na wanayachimba kwa moyo. Nafurahi, lakini furaha hiyo imechelewa. Kila nikienda kwetu hupitia bondeni kung'oa magugu kaburini kwa baba. Udongo pale ni mweusi, laini, jembe linazama lote. Ni ule ule wa mama.