Farasi Ana Jina, Bibi Hana

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu nisiyekuzaa, enzi zile napanda ngazi za stesheni ya treni ya Norsborg, huku Uswidi, bila kupumzika katikati. Nilikuwa nasoma shule ya watu wazima, na mwalimu wa historia alinipa bwana mmoja wa Uingereza ya kale, mwenye ngome na mashamba, nimweleze darasani kama mtihani, yeye na ukoo wake wote. Nikamkariri. Baba yake, babu yake, wake zake wawili, watoto wake saba, mpaka farasi wake.

Shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu Bukavu, kwetu Kongo, na kuja nami huku, alikuwa jikoni anakoroga sombe, yale majani ya muhogo. Nikasimama mlangoni nikamsomea kwa mbwembwe, Kiswidi nikikigeuza Kiswahili. Nilipofika kwa watoto nikasoma kwamba wa kiume walikuwa wanne, na mabinti watatu ambao majina yao hayajulikani.

Mwiko ukasimama. "Rudia."

Nikarudia.

"Na farasi ana jina?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Farasi ana jina, watoto wa kike hawana! Watu gani hao?" Akagonga mwiko kwenye sufuria mpaka sombe ikaruka ukutani. Mimi nikacheka. Ndipo akanigeukia. "Na weye, mama yangu mimi, bibi yako, aliitwa nani?"

"Mama Yohana," nikajibu haraka.

"Yohana ni baba yako! Nimeuliza jina lake yeye."

Sikulijua. Kwetu mwanamke akishazaa tunamwita kwa mtoto wake wa kwanza, jina lake tunaliweka pembeni, halafu tunasema ndiyo heshima. Ningeomba radhi tu, yangeisha. Lakini nilikuwa na kiburi mimi! Nikamwambia, "Shangazi, hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Loo! Akazima jiko. "Basi siku utakapoona lina maana kuliko farasi wa Mzungu, njoo uniulize. Leo sikupi."

Mwanangu, sikwenda. Mtihani ukapita, nikapata kazi ya kutunza wazee. Nikiwaogesha wazee wa watu nawauliza mama zao waliitwa nani, wafurahi, na wangu nyumbani simuulizi! Mwaka mmoja, kabla theluji haijayeyuka, Shangazi alifariki. Alikuwa wa mwisho kulijua.

Wiki iliyopita mjukuu wangu kaja na karatasi ya shule, achore ukoo wetu. Penye bibi yangu akaandika "okänd", hajulikani. Hasira zilinipanda nikaondoka mezani. Hajulikani! Mwanamke aliyezaa, akalima, akazika watoto wake! Nani kamfuta? Yule bwana wa Uingereza hahusiki hapa. Nimemfuta mimi.

Nyinyi vijana wa huku mnanijibu Kiswidi, haya, nijibuni hivyo hivyo. Ila ulizeni. Leo hii mkalishe mama yako, umuulize mama yake aliitwa nani kabla hajawa mama wa mtu, ukaandike. Usingoje shule ikutume. Akikunyima kwa hasira, rudi kesho upige magoti, wala usicheke nilivyocheka mimi.

Mimi mmezoea kuniita Mama Furaha. Naitwa Josefina Nabintu. Andika, mwanangu, na iwe kwa kalamu ya wino. Mungu akulinde, akupe watoto wanaouliza, na watu wa nyumba yako walitaje jina lako hata siku ambayo hutakuwepo kuitika.