Riba Imeshuka

Miaka ile benki binafsi zilipoanza kufunguliwa Morogoro, nilikuwa karani wa nyumba ya wageni Mikumi. Hesabu za asilimia nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu cha kuazima, kwa hiyo niliposikia benki ya mama kule Kilosa imepunguza riba, nilikosa raha. Nilitaka ahamishie benki mpya akiba yake ya kununulia mabati. Nilirudia barua mara nne kwa kuogopa kukosea. Ya mwisho ilisema: "Mama, riba imeshuka. Nenda benki haraka."

Mama alikulia kwenye nyumba za reli. Kwake, kitu kikishuka kimefika, kimeteremshwa kutoka kwenye behewa. Akavaa kanga mpya, akabeba kikapu, akaenda kuipokea.

Jumamosi nilimkuta nyumbani bado anacheka.

"Nikamwambia binti wa dirishani, mwanangu kaniandikia riba imeshuka, nipeni yangu. Akasema, 'Shikamoo mama. Haijashuka kwenye treni, imepungua.' Foleni nzima ikacheka."

"Ukatoa akiba?"

"Nimkimbie binti aliyetoka dirishani kuniletea kiti? Hiyo benki yako mpya inanijua?"

Nikamwonyesha hesabu zangu: kwa kubaki pale, kila mwaka angekosa bati moja. Akaitazama karatasi kwa heshima, akanirudishia.

"Basi hilo moja utaninunulia wewe, bwana barua."

Nililinunua mwisho wa mwezi. Nakiri nilimchosha muuza duka, maana niliinua bati baada ya bati juani, kutafuta lisilo na tundu.