Mforsadi wa Uwanja wa Kuku

Kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini, kuku walikuwa wengi na hawakufanana. Walikuwepo wenye shingo tupu, ambao wageni waliwahurumia wakidhani ni wagonjwa. Walikuwepo wa manyoya yaliyopinduka, na walikuwepo weupe wazito ambao baba aliwapata kwa mapadri, wavivu kweli, hata kumkimbia kipanga hawakujua. Mama aliwachanganya wote katika uwanja mmoja nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa matete, na katikati ya uwanja huo ulisimama mforsadi wa bibi.

Bibi, mama yake baba, aliupanda kutokana na kijiti alichopewa na watu wake wa Kibombo. Alikuwa akisema kwamba wazee wake walikuja na mti huo kutoka pwani, ingawa kwa bibi kila kitu kizuri kilitoka pwani, hadi sufuria. Forsadi ni tunda dogo, refu kidogo, lenye vipunjepunje. Huanza kijani, likawa jekundu, kisha jeusi, na ukilibana linakuachia kidole cha zambarau mpaka kesho yake. Mti na kuku walipatana. Kuku waliupa mbolea, na mti uliwaangushia matunda na kuwafunika vifaranga wasionekane na kipanga. Msimu wa matunda hata mavi ya kuku yalikuwa ya zambarau. Kazi yangu ilikuwa kutandika mkeka chini, kutikisa matawi, na kuwafukuza kuku kabla hawajamaliza kila kitu. Baada ya mavuno bibi alikata matawi yaliyochoka, kwani mforsadi usipokatwa hujaa majani tu na kusahau kuzaa.

Ninaeleza haya ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa siasa. Tulikuwa watu wa kuku.

Lakini miaka ile siasa haikumngoja mtu aifuate. Kila mtaa ulikuwa na kikundi cha wanawake wa kuwachezea wakubwa wakifika, na mama alichaguliwa kwa sababu ya kiuno chake. Mawazo yake hakuna aliyeyauliza. Alipewa kitenge cha Chama, kijani, chenye sura ya Rais, kubwa kama sinia. Ukikifunga vizuri, sura moja ilikaa mbele na nyingine nyuma. Kwa hiyo wanawake waliovaa kitenge kile hawakukaa chini. Walisimama tangu asubuhi, au walijiegemeza kwa ubavu, kwani nani angethubutu kumkalia Rais.

Kukianika kulikuwa shida nyingine. Ukikitupa juu ya kamba, upande mmoja sura inasimama sawa, upande wa pili kichwa kinaelekea chini. Mtaani kwetu palikuwa na mfanyakazi wa reli aliyefungia samaki katika gazeti lenye picha ya Rais, au ndivyo ilivyosemwa. Watu wa ofisi ya Chama walimchukua. Aliporudi baada ya muda mrefu hakuzungumza na mtu, na samaki hakugusa tena. Baba pia alikuwa mtu wa reli, na habari ile iliingia nyumbani kwetu ikakaa kama mgeni asiyeaga.

Ndiyo maana mama alipofua kitenge chake hakukianika mbele ya nyumba kama nguo nyingine. Alikipeleka kwenye uwanja wa kuku, nyuma ya matete, mahali ambapo hakuna jicho la mtu. Alifunga kamba kutoka shina la mforsadi hadi kwenye ua, akakitandaza pale kivulini. Aliona amefanya akili sana.

Nilikuwepo kipanga alipopita. Kivuli chake kilikata uwanja, na kuku wote wepesi waliruka juu ya mti kwa kelele, mmoja juu ya mwingine. Wale weupe wa mapadri walibaki chini wakishangaa. Matawi yakatikisika, na forsadi zilizoiva zikanyesha pamoja na vingine vinavyotoka kwa kuku mwenye hofu. Kipanga alipoondoka niliangalia kitenge. Kutoka jicho la Rais hadi kidevuni ulikuwa umeshuka mchirizi mwekundu mweusi, unatona. Nilikuwa mtoto. Niliamini kwamba tumemuua Rais, katika uwanja wetu, na kwamba watatukuta naye.

Sikulia. Nilienda jikoni nikamvuta mama kwa nguo.

Bibi alifika wa kwanza, akatazama, akashika kiuno. "Mukwe wangu, umeruka mukojo, umekanyaga mavi," akasema, na safari hiyo methali ile ilikuwa kweli yote, haikupungua neno. Kisha akaniagiza nipande mti nichume forsadi za kijani, zile ngumu. Doa la forsadi mbivu, alisema, linatolewa na forsadi mbichi. Ponda tunda, sugua doa polepole, liache, lisugue tena.

Polepole mama hakuijua siku ile. Aliponda matunda mabichi akayasugua, na doa lilianza kweli kufifia, lakini yeye aliona halitoki upesi. Akaongeza ndimu, kisha sabuni ya majivu, akasugua kwa jiwe la kufulia, huku bibi akimwambia aache na yeye akijibu, "Naacha, naacha." Doa lilitoka lote. Na jicho lilitoka nalo. Palipokuwa na jicho la kushoto la Rais palibaki duara jeupe.

Sasa hakukuwa na doa ambalo mtu angesema ni bahati mbaya. Palikuwa na Rais chongo, na ngozi ya mikono ya mama ilikuwa imechubuka kwa kazi ya kumtoboa.

Kitenge kilikuwa bado kimetandazwa juu ya beseni wakati sauti ilipobisha hodi kule nyuma. Alikuwa jirani yetu, mkubwa wa kikundi cha wachezaji, ambaye kila mtu alimwita Mama Prezidanti. Alizoea kupita kwenye mwanya wa ua akija kununua mayai, na hakungoja kukaribishwa, kwani hakuwahi kungoja. Alisimama. Aliangalia kitenge, akaangalia mikono ya mama, akaangalia juu ya mti.

"Kuku zenu ziko nataga muzuri?" akauliza.

"Ziko nataga, Mama Prezidanti," mama akajibu.

Akachukua mayai yake, akaondoka. Kama angefoka tungejua pa kusimama.

Baba aliporudi kazini aliambiwa habari yote kwa kunong'ona. Alizima redio, ingawa redio haikuwa na kosa. Mama alitaka kukichoma kitenge, au kukitupa mtoni. Baba alikataa. Maonyesho ya kikundi yalikuwa karibu, mkubwa fulani alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na mwanamke atakayekuja bila kitenge ataulizwa kimekwenda wapi. "Kivae vile kiko," alisema. "Jicho likae nyuma, na wewe ukae nyuma ya wengine."

Siku zilizofuata niliogopa kila kitu. Niliogopa gari, ingawa Alunguli magari yalikuwa machache. Niliogopa viatu, kwani watu wetu walitembea kwa sandali, na mtu wa viatu alikuwa mtu wa ofisi. Mama alinifundisha la kujibu nikiulizwa, na mimi nililirudia moyoni hata nikiwalisha kuku. Kila asubuhi alinituma kwa Mama Prezidanti na mayai ambayo hakuyaagiza, kisha na jogoo wa shingo tupu, aliyekuwa mzuri kuliko wote. Mama Prezidanti alimpokea jogoo, akamgeuzageuza, akasema, "Mwambie mama aksanti. Lakini juu ya nini?" Sikuwa nimefundishwa jibu la swali hilo. Nilikimbia.

Siku ya maonyesho tulivuka mto kwa mitumbwi, wanawake wamesimama wima ndani yake kama miti, kila mmoja na Rais wake mbele na nyuma. Kule ng'ambo sisi watoto wa shule tulipangwa kandokando na vibendera vya karatasi. Jukwaa la wakubwa lilikuwa mbele, na vijana wa Chama walizunguka wakikagua, hasa waliosimama nyuma. Mama alijisogeza mstari wa mwisho, mgongo wake kwenye ukuta.

Mama Prezidanti akapita kwenye mistari akipanga. Akafika mwisho. Siku nyingine alimwita mama "dada", lakini pale alitumia neno la Chama, la Kifaransa, la kumwita mwananchi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Sitwayeni, wewe kuja mbele."

Nilimwona mama akitembea kutoka ukutani hadi mstari wa kwanza, na sijawahi kuona mtu akitembea hatua fupi namna ile. Sura nzima ilielekea jukwaani. Sura chongo ilibaki nyuma, wazi, na kwenye nafasi ile ya nyuma Mama Prezidanti alikuja kusimama mwenyewe, karibu sana, akaanza kuimba.

Nililijua lile onyesho, sote tulilijua. Ubeti wa tatu ukiisha, mwimbishaji anapiga kigelegele na wanawake wote wanageuka, wanawapa wakubwa mgongo, wanatikisa. Ndiyo sehemu ambayo wakubwa walikuja kuitazama. Nilihesabu beti nikiwa nimekunja kibendera changu mpaka kikapasuka. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu ulipoisha nilifumba macho.

Kigelegele hakikuja. Mama Prezidanti alirudia ubeti wa tatu. Wanawake wengine walikwishaanza kugeuka, wakagongana, wakarudi, mmoja alicheka. Akaurudia tena, sauti imeanza kukwaruza, kijana wa Chama anamkodolea macho, na yeye akaendelea kuimba hadi mkubwa wa Kinshasa aliponyanyuka kuhutubia. Ngoma ilikwisha bila mtu kugeuka. Baadaye nilisikia alikaripiwa kwa kuharibu onyesho, na kwamba alijibu ni uzee, amesahau.

Mimi mtoto nilielewa. Tukiwa mtumbwini nilitaka kumwambia mama, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Nyumbani alimwambia bibi, "Anajua. Anajua yote, na amenificha ili nikae mukononi mwake. Siku atakayotaka, atafungua mukono." Bibi akamwambia kwamba mtu aliyekufunika hakuvui nguo kesho yake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama aliumwa siku ile kipanga alipopita. Hofu ilikwishajifunza njia ya kuingia ndani yake na haikuhitaji tena sababu.

Muda mfupi baadaye Mama Prezidanti alikuja kupitia mwanya ule ule, akala forsadi chache akiwa amesimama, akatema kikonyo.

"Dada," alisema, "nikatie kijiti cha huu muti. Na miye nataka kupanda kwangu. Jogoo wako amenizoea, anatafuta kivuli hana."

Mama alicheka kwa mdomo. Akasema bila shaka, Mama Prezidanti, kuja kesho, tutakukatia kizuri.

Alipokwenda, mama alikuwa ameshika ua wa matete kwa mikono miwili. Anataka ushahidi, alisema. Atakipeleka ofisini, aseme huu ndio mti uliomtoboa Rais jicho, nendeni mkautazame. Bibi aliuliza, kijiti kitasema nini mbele ya watu? Mama hakumsikia. Alichukua shoka la baba, ambaye hakuwepo, alikuwa safarini na treni, akaanza kukata. Mforsadi si mti mgumu, ila ule ulikuwa wa miaka mingi, na mama alikata akilia, matunda yakimwangukia kichwani na kifuani, hadi akawa mwekundu mwili mzima. Mimi nilivuta matawi. Bibi aliingia ndani, akalala akielekea ukuta. Tulichoma kila kijiti, na mama akamwaga maji ya moto na chumvi juu ya kisiki, chumvi ambayo hatukuwa nayo ya kuchezea. Kuku walizunguka jioni ile wakitafuta pa kulala. Wengine walijaribu kuruka juu ya mti ambao haupo, wakaanguka.

Asubuhi Mama Prezidanti alikuja. Alikuwa amejifunga nguo ya shamba, na kichwani alibeba ndoo ya udongo mweusi wa kando ya mto, ule udongo mzuri ambao watu waliuendea mbali. Alikuwa amejiandaa vizuri kukipokea kijiti chake. Alisimama kwenye mwanya wa ua, akaona kisiki, akaona majivu.

"Ulikuwa na muchwa," mama akasema haraka. "Tumekata juu ya muchwa."

Kisiki kilikuwa cheupe, kisafi, hakina tundu hata moja. Mama Prezidanti alikiangalia, kisha akamwangalia mama, na mimi nilitamani ardhi inimeze, kwani aibu ile ilizidi hofu yote niliyokuwa nayo.

"Mulifikiri nitawapeleka," alisema. Hakuuliza.

Mama Prezidanti alishusha ndoo, akaumwaga udongo wake pale pale, na kuku wetu wote, wa shingo tupu, wa manyoya ya kupinduka na weupe, wakaukimbilia kuuchakura. Akabeba ndoo tupu, akapita kwenye mwanya. Tangu siku hiyo mayai alinunua kwa wengine.

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Akaniambia nichungulie kwenye matete nione ameelekea wapi, kwake au ofisini. Nikachungulia, nikarudi nikamwambia ameingia kwake. Hakuniamini, akanituma tena.