Vidonge vya Anyesi

Anyesi wa Kasoli alikuwa mpaliliaji hodari wa pamba hadi mwili ulipomgeuka. Uso ulivimba, sauti ikakwaruza, akawa anajifunika khanga mbili kwenye jua ambalo wenzake walilikimbia. Wifi yake Milembe, ambaye hata jembe alilishika kwa kusukumwa, alitangaza kisimani kwamba kaka yake ameoa gogo.

Bariadi mjini daktari alimpima damu, akamwambia tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha. Alimwanzishia kidonge cha kumeza kila asubuhi kwa maji matupu, kabla ya chai au uji, akamweleza kwamba dozi hupandishwa polepole ili moyo usishtuke.

Wiki za mwanzo hakupata nafuu ya maana.

"Dawa gani hiyo inayolala na mgonjwa?" Milembe alicheka mbele ya wageni.

Anyesi alirudi kupimwa, dozi ikaongezwa, na taratibu baridi ikamtoka mifupani. Msimu wa palizi ulimkuta shambani.

Ndipo Milembe akamfuata huko, sauti imelainika. "Wifi, nigawie vidonge vichache. Siku hizi na mimi nachoka."

Anyesi alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Hivi huanza na kupimwa damu. Ukivimeza ovyo utatetemeka na moyo utakwenda mbio. Nenda hospitali."

"Mchoyo," Milembe alinung'unika.

Anyesi alitema mate kando, akaendelea kupalilia. Hakuona pale mtu wa kugombana naye.