Kompyuta Iliyowakataa Akina Shija

Najua mtanicheka, na mna haki, maana hadi leo nikipita mtaa wa Mirongo karibu na ile studio ya picha nageuza uso nijifanye natazama maduka ya ng'ambo ya barabara.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye duka alitaka kompyuta, bosi wangu Mzee Karim naye akanunua, nikapewa kazi ya kuingiza humo maelezo ya negativu zote za studio, mteja akitaja jina tu tujue iko droo gani. Ndani ya programu nikakuta kichujio cha kuiambia kompyuta ipuuze maneno yanayojirudia mno, yaani "na", "ya", "wa" na takataka kama hizo. Sasa mimi udadisi ndio ugonjwa wangu, nikajiuliza, hivi nikikiwasha itakuwaje? Nikakiwasha. Nikajaribu jina langu, Mutalemwa (mimi Mhaya wa Bukoba, ningeanza na la nani tena?), likaja papo hapo. Nikajaribu la shemeji yake Mzee Karim, nalo likaja. Nikaona mimi ndiye mimi.

Siku ya kuizindua, studio imejaa wateja, akaingia mama mmoja kutoka Misungwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nataka picha ya mume wangu, muisafishe iwe kubwa. Amefariki, na nyumbani hatuna hata moja. Anaitwa Shija Mabula."

Nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna neno la kutafuta. Nikarudia, jibu lile lile, watu wananitazama, jasho linanitoka, na badala ya kukiri kwamba sijui, nikasema (Mungu anisamehe), "Mama, huyu hakuwahi kupiga picha hapa."

"Nilikuwepo, baba," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemshikia kofia."

Mzee mmoja nyuma yake akadakia, "Hebu tafuta Kulwa." Hakuna. "Doto je?" Hakuna. "Masanja?" Hakuna.

"Kumbe mashine yenyewe haitaki Wasukuma!" akasema yule mzee.

Studio nzima ikaangua kicheko, isipokuwa yule mama. Hapo ndipo akili ikanirudia: huku Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata Shija, aliyezaliwa wakati wa mvua Mabula, na akina Masanja nao wamejaa tele, kwa hiyo majina hayo yalijirudia kwenye orodha yangu sawa na "na" na "ya", na kichujio kikayatupa yote pamoja na takataka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakizima, wakatokea akina Shija Mabula ukurasa mzima.

"Inuka, Mutalemwa," akasema Mzee Karim, "umpishe mama kiti, kisha ukalete droo."

Mama akazishika negativu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, mimi nimesimama pembeni na droo mikononi, hadi akafika kwa mmoja akatulia, machozi yakamtoka.

"Wako wengi, baba," akaniambia, "lakini wangu ni huyu mmoja."

Tangu siku hiyo nimeapa, kompyuta ikiniuliza kama ipuuze neno kwa sababu limejaa mno, kwanza naenda kuuliza ni nani anaitwa hivyo.