Tulivyopanda Kibosho Kinyumenyume

Safari nzima imetugharimu shilingi laki moja na elfu kumi na nane, kuanzia petroli hadi sukari ya kupeleka kwa Mjomba. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja pungufu, nikakumbuka machungwa ya Boma Ng'ombe.

Tulikuwa tunampeleka Mama kwa kaka yake. Mama na Mjomba Aloyce walikuwa hawajasalimiana tangu siku ya kumzika babu, pale Mama alipomwita kaka yake mwizi wa kihamba, shamba la urithi, mbele ya ukoo mzima. Mwanangu Neema alikuwa hajazaliwa. Sasa yuko darasa la nne. Mwaka huu Mama aliamka siku moja akasema amechoka. Akatuma ujumbe Kibosho, na jibu likarudi fupi: aje Jumamosi, wazee wa ukoo watakaa mpaka saa sita mchana. Wakiinuka, wameinuka.

Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka Arusha, Mama alikata jani moja la isale kwenye mmea alioupanda nyuma ya jiko, akalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu isale umekubali kosa, na yeye hana ruhusa ya kukukatalia. Lakini ni lazima ulifikishe kwa mkono wako. Kisha akaingia kwenye gari letu la viti vinane, akapita viti vyote, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mfuko wa sukari.

"Mama, njoo mbele uone njia," nikamwambia.

"Njia naijua. Sitaki niwe wa kwanza kuonekana."

Saa tatu na nusu tulikuwa Moshi, sheli. Binti wa pampu akaniambia kuna petroli za aina mbili, ya kawaida na ile yenye namba kubwa.

"Dada, chukua hii ya tisini na tano. Hii inapanda mlima yenyewe."

"Ikipanda yenyewe, gari la nini?" Nikafungua kifuniko cha tangi nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa ndani: tisini na moja. "Aliyelitengeneza hajaomba zaidi. Namba hiyo si nguvu, ni uvumilivu wa petroli isilipuke kabla ya zamu yake. Injini hii haina presha hiyo. Nitailipia ya nini?"

Binti akacheka, akaweka ya kawaida. Niliweka lita za kupanda, kushuka, na mbili za heshima. Petroli iliyolala kwenye tangi ni hela yangu iliyolala. Mume wangu, Baba Neema, aliitazama geji, akanitazama mimi, akafunga mkanda.

Baada ya Moshi lami inainuka taratibu, migomba inasogea karibu, na hewa inaanza kunukia majani mabichi na moshi wa kuni. Tukaacha lami, tukavuka daraja dogo juu ya korongo, na hapo barabara ikasimama kama ukuta. Nikaingiza gia ya kwanza. Katikati ya mlima gari likakohoa, likatetemeka, likazima.

Nikaliachia likarudi mpaka darajani, penye tambarare. Nikawasha: likaitika vizuri kabisa. Nikapanda tena. Likazimia palepale, kwenye mti uleule wa kahawa.

"Petroli ya bei rahisi hiyo," Baba Neema akasema.

"Sio ya bei rahisi, ni ya kawaida."

"Basi imezima kikawaida."

Ilikuwa inakaribia saa tano. Kwa miguu ni kilomita mbili za kupanda, na magoti ya Mama hayafiki hata kanisani bila kupumzika. Pikipiki aliapa hapandi. Nilimwona kwenye kioo ameshika jani lake kwa mikono miwili kama mshumaa.

Ndipo akasema kutoka nyuma, polepole, "Padri alikuwa anapanda kinyumenyume."

"Padri gani, Mama?"

"Wa parokia yetu, nikiwa mdogo. Mafuta yakiwa machache, gari lake lilikataa mlima huu. Anageuza, anapanda kwa mgongo. Sisi watoto tunakimbia mbele tunamwona anatutazama, anaenda kinyume. Aloyce ndiye alikuwa anapiga kelele kuliko wote."

Baba Neema akacheka. Mimi sikucheka, maana Neema alikuwa ameshika chupa yake ya maji iliyobaki kidogo. Nikaichukua, nikaiinamisha kama mlima ulivyo. Maji yote yakakimbilia nyuma, mbele pakabaki hewa tupu.

Nimeendesha gari miaka yote hii na sijawahi kulifikiria tangi. Ndani yake kuna pampu inayonyonya kama mtoto. Inasukuma petroli kwenye chujio, kisha kwenye bomba jembamba, mpaka kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya injini kama ukungu. Kwa ukungu ule watu wanne na mfuko wa sukari wanapanda Kilimanjaro. Na mdomo wa pampu yetu uko upande wa mbele wa tangi. Petroli haikuwa mbaya. Ilikuwa nyuma.

Nikageuza gari darajani. Baba Neema akatangulia kwa miguu kuniongoza. "Kulia! Kata kulia! Mtaro huo, Mama Neema!" Gari likapanda bila kukohoa. Kina mama waliojitwika majani ya ng'ombe wakasimama pembeni, mmoja akapaza sauti, "Dada, unafika au unaaga?"

Macho yangu yalikuwa mbali. Nimepanda Kibosho mara nyingi nikitazama mashimo. Safari hii dunia yote ilikuwa mbele ya kioo, ikishuka: mabati ya Moshi, miwa mpaka mbali, na mwisho kabisa bwawa la Nyumba ya Mungu likimetameta kama kipande cha sahani. Nikatazama kioo cha nyuma ili nisiingie mtaroni, na humo, juu ya kichwa cha Mama, Kibo ilikuwa imevua mawingu yote. Nyeupe, kimya, kubwa kuliko kioo. Nikapunguza mwendo. Neema akageuka kwenye kiti kutazama.

Uani kwa Mjomba wazee walikuwa wameshasimama, mmoja tayari na kofia kichwani. Tuliingia tukiwapa mgongo. Niliisikia sauti ya Mjomba kupitia dirishani: "Nani huyu anaingia kwangu kwa matako?"

Nikavuta breki. Kisha Baba Neema akainua mlango wa nyuma, na aliyekuwa wa kwanza mbele yao, uso kwa uso, alikuwa Mama, ameshageuka kitini.

"Kaka, shikamoo," akasema, akanyoosha jani.

Mjomba alilitazama jani. Alilitazama gari kuanzia nyuma hadi mbele.

"Mmeishiwa mafuta?"

"Yapo. Yalikaa upande mbaya."

"Kama ya Padri."

"Kama ya Padri."

Akalipokea jani. "Marahaba," akasema. Mzee wa kofia akaivua, akakaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, kata ya kwanza akapewa Mama.

Saa kumi tulishuka, pua ikitazama Moshi, petroli yote imeukimbilia mdomo wa pampu, injini ikinguruma kwa raha. Moshi nilijaza nusu tangi, Baba Neema akiitazama geji. Nimejifunza kwamba kuchagua petroli inayofaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiweka ya kutosha kwa mlima unaoupanda.

Sasa nina shida moja. Mjomba ametualika Desemba, na ameagiza tuingie vilevile, dada yake afike wa kwanza. Tangi litakuwa limejaa, naapa. Lakini kupanda kilomita mbili kinyumenyume kila mwaka, giaboksi itavumilia? Fundi nimemuuliza, amecheka tu. Anayejua anishauri, kwa sababu Mama ameshasema kiti chake ni kilekile cha nyuma.